Maswali ya wasomaji: Tukawapigie nini wazee wetu?

Toleo lililopita tuliweka picha moja tu, bibi mmoja kashika cherewa, ile kayamba ya kifuu cha nazi, anacheka, na chini yake maneno machache kwamba sanaa nayo iende kwa wazee wanaoishi kwenye nyumba za wazee za Sebleni, Welezo na kule Limbani Pemba. Basi simu haikutulia. Barua zimekuja za wapigaji, za watu wenye jamaa zao humo ndani, za wanaokataa kabisa, na moja ya mhudumu ambayo naomba kila mwenye kikundi aisome mpaka mwisho. Nimezichagua hizi, majina nimeyaweka pembeni, na pale barua ilipokuwa ndefu nimeifupisha.

Assalaam aleikum dada. Sie ni kikundi cha kidumbak (taarabu ya mitaani ya ngoma) hapa Jang'ombe, tunapiga maharusini. Tumekubaliana twende kwa wazee tarehe 1 Oktoba, siku yao ya duniani. Tumeshapata spika mbili kubwa, kinanda na mshereheshaji. Mwenzetu mmoja anapinga, anasema twende na sanduku na ngoma zetu basi, na siku nyengine kabisa. Tumegombana. Nani yuko sawa?

Wa aleikum salaam. Mwenzenu yuko sawa, tena yuko sawa kwa yote mawili.

Tuanze na spika. Sikio la mzee kitu cha mwanzo linachopoteza ni sauti nyembamba za juu, yaani fidla ikipanda, kinanda cha umeme, na kwenye maneno zile herufi za s na f na sh, kwa hivo mzee anaweza kukusikia kama unaimba lakini hapati unachosema. Sasa ukiongeza volumu hujamsaidia kitu, umemuongezea kelele, na yule mwenye kifaa cha sikioni ndo anateseka zaidi maana kile kifaa chenyewe kinakuza kila kitu, na wimbo na mlio wa kiti na mtoto anaekohoa nyuma. Nyinyi mna bahati kubwa kwamba ni kidumbak. Sanduku lile, kamba moja na mti wake, linatoa mvumo mzito wa chini ambao mzee anaupata vizuri, na kama kakaa karibu anausikia hadi miguuni. Mna vidumbak viwili, zile ngoma ndogo, mna cherewa, mna mkwasa, vile vijiti vya kugonga, mna fidla, mwambieni wa fidla akae kwenye nyuzi za chini asipande panda sana. Hapo hamuhitaji hata waya wa umeme.

Na msipange jukwaa. Mkikaa mbele safu moja na wazee wakapangwa safu kule kama mkutano wa hadhara mshapoteza nusu ya safari. Kaeni duara au nusu duara, muwe karibu kiasi cha kupeana mkono, muimbaji asisimame juu ya vichwa vya watu, achukue kigoda akae mbele ya mtu macho yaonane, kwa sababu mzee asiesikia vizuri anasoma midomo bila hata kujijua. Halafu punguzeni mwendo jamani. Nakujueni watu wa kidumbak, harusini mnaunganisha nyimbo moja kwa nyengine mpaka bibi harusi mwenyewe anachoka. Kwa wazee pigeni wimbo mmoja, msite. Ulizeni: hii mlikuwa mnaisikia wapi? Nani alikuwa anaimba? Hapo ndo mambo yanapoanza. Kuna bibi atakwambia mstari huo umeukosea, hauko hivo. Ukiambiwa hivo weka fidla chini umsikilize, mwache autamke wote, kisha muimbe kama alivyosema yeye, na muimbe mara mbili. Mie hilo naliona kubwa kuliko wimbo wenyewe, maana mtu ambae siku nzima anaambiwa kula, kaa, meza dawa, geuka, leo yeye ndo kakusahihisheni na nyie mmetii.

Cherewa msizishike wenyewe tu. Zigaweni. Kifuu cha nazi chenye mbegu ndani ni chepesi, na mtu aliepatwa na kiharusi upande mmoja anaweza kukitikisa kwa mkono uliobaki mzima. Mkwasa mpe yule mwenye mikono miwili, ila muangalie usije kumponyoka ukaanguka kwenye mguu. Anaetaka kucheza akiwa amekaa acheze kwa mabega na mikono. Anaetaka kuinuka ainuke na mtu ubavuni na viatu vya kukamata mguu, sio ndara, kwa sababu mzee akivunjika nyonga ndo mwanzo wa matatizo makubwa.

Nyimbo zipi? Hapa vijana wengi wanakosea kwa nia njema. Wanasema wazee, basi tuwapigie Siti binti Saad. Siti alikwenda Bombay kurekodi sahani mwaka 1928 na alifariki mwaka 1950, na mzee wa miaka 80 leo hizo sahani zinarekodiwa hata hajazaliwa, na Siti anafariki yeye bado mtoto mdogo. Hizo ni nyimbo za bibi yake! Atazipenda, ndio, lakini nyimbo zinazomkaa mtu mpaka mifupani ni zile za kati ya miaka 10 na 25 au 30 hivi, wakati wa ujana, mapenzi ya kwanza, harusi, sikukuu za mwanzo kuvaa kiatu kipya. Piga hesabu, huyu wa miaka 80 unamtafutia kilichokuwa kinapigwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 hadi ya 1970. Ndo wakati Sauti ya Unguja ishaanza kurusha, tangu 1951, na redio moja inasikilizwa na mtaa mzima. Vikundi vya taarabu navyo, Ikhwani Safaa, iliyoanza 1905, ilikuwa ishakuwa taasisi, na Culture ndo kwanza imezaliwa, 1958. Na msisahau senema! Majestic, Empire, Sultana, watu walikuwa wanatoka mle ndani wanaimba Kihindi njia nzima bila kujua maana yake, na wapo bibi zetu mpaka leo wanazimaliza nyimbo hizo mwanzo hadi mwisho. Mpigaji wenu wa fidla akijua mbili tatu za Kihindi mtaona watu wanavyoinua vichwa.

Tena ulizeni kila mtu kwao wapi. Katika nyumba hizi wapo wazee wenye asili ya bara, waliokuja ujanani kwa kazi za mashamba ya karafuu na bandarini, wakabaki. Huyo taarabu ya mjini pengine haikuwa yake kabisa, yake ni ngoma ya kwao. Kama kikundi chenu hakiijui, muombeni awafundishe kipigo chake, hata kama atakipiga kwenye meza.

Sasa hiyo tarehe 1 Oktoba. Siku hiyo wageni wanakuwa wengi, hotuba, maji ya chupa, mchele na sukari, kila mtu anataka kuonekana. Nyinyi nendeni Jumanne moja ambayo haina jina. Saa 4 asubuhi, watu washakunywa chai na washapumzika, mumalize kabla ya kujitayarisha na adhuhuri, dakika 40 au 45 zinatosha kabisa. Jioni kuelekea magharibi sio wakati mzuri kwa wenye usahaulifu mkubwa, wengi wao saa hizo wanaingiwa na wasiwasi, wanataka kwenda kwao. Na kabla hamjaondoka semeni mnarudi lini, na siku hiyo mrudi. Bora waende watatu kila wiki mbili kuliko kikundi kizima mara moja kwa mwaka.

Ruhusa anzeni kwa msimamizi wa nyumba, nyumba hizi ziko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, atakwambieni barua iende wapi.

Ndugu mhariri, nakuandikia kutoka Wete. Ami yangu yuko nyumba ya wazee Limbani. Zamani huyu mtu ukitaja ngoma ya msewe Pemba lazima umtaje. Sasa hanijui, ananiita jina la kaka yake aliekwisha kufariki, na siku nyengine hasemi neno. Mtu kanambia nikimpelekea ngoma zake akili itarudi. Ni kweli? Nisije nikajipa matumaini bure.

Ndugu yangu, pole sana, na ahsante kwa kuuliza waziwazi. Akili haitorudi. Anaekwambia muziki unatibu dimensia, yaani huo usahaulifu mkubwa wa uzeeni, anakuuzia kitu ambacho hana. Mwaka 2018 Cochrane, hao ni watu wanaokusanya tafiti za tiba na kuzipima pamoja, walitoa uchambuzi wao wa tiba ya muziki kwa wenye dimensia wanaoishi kwenye nyumba za kulelea, na walichokiona ni kwamba walipopata angalau vikao 5 dalili za huzuni kwa uwezekano mkubwa zinapungua, na matatizo ya tabia kwa jumla yanapungua, ila kwenye kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hakukuonekana tofauti ya maana. Kwa hivo usiende ukitegemea atakuita jina lako.

Lakini nenda! Kwa sababu kitu kimoja ni kweli, wimbo wa zamani unakaa pahala pake kichwani. Watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionesha mwaka 2015 kwamba zile sehemu za ubongo zinazohusika na kutambua muziki tuliouzoea siku nyingi zinashambuliwa kwa kuchelewa na ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndo sababu kubwa ya dimensia, sehemu nyengine zinaharibika mapema na hizi bado zinajikaza. Na juu ya hapo ami yako alikuwa mpigaji, alikuwa anacheza, mikono na miguu ina kumbukumbu zake yenyewe ambazo haziendi njia moja na majina ya watu. Mtu anaweza kusahau jina la mwanawe na ukimpa ngoma akaipiga sawasawa.

Namna ya kufanya. Usimkabidhi tu ngoma ukakaa kumtizama kama mtihani. Kaa nae chini, wewe ndo uanze, piga kidogo taratibu. Kama unaweza kupata ile misewe yenyewe ya kufunga miguuni, itikise karibu na miguu yake, sio karibu na sikio, maana ule mlio yeye aliuzoea unatoka chini. Kisha nyamaza. Subiri. Usimjaze maneno. Akigonga kidole kwenye kiti hiyo tayari ni jawabu, mpigie na wewe vile vile alivyogonga, halafu msubiri tena. Pengine siku ya kwanza hapatokei kitu, ya pili pia. Na akikasirika acha siku hiyo, usilazimishe.

Kitu kimoja nakuomba usikifanye, usimuulize "unanikumbuka?" wala "unakumbuka mlivyocheza Chake?" Swali hilo kwake ni mlango umefungwa na yeye anajua kama umefungwa, na ndo maana siku nyengine anaona bora asiseme. Msimulie wewe. "Ulikuwa unapiga, watu wanajaa." Akitaka kuongeza ataongeza. Na akikuita jina la kaka yake, mwitikie, huyo kaka alikuwa anampenda, basi kakupa nafasi nzuri.

Kuna bibi mmoja Marekani, Anne Basting, mtu wa mambo ya tamthilia, miaka ya 1990 alikuwa anajitahidi kuigiza na wazee wenye dimensia kwenye nyumba yao na hakuna kilichokwenda, kila akiwaomba wakumbuke mambo yao wanakwama. Siku moja akachana picha ya mpanda farasi kutoka kwenye gazeti, akawaambia haya, huyu tumwite nani? Wakaanza. Jina wakampa, mke wakampa, nyimbo wakaimba, na yeye anaandika kila neno hata lisilo na maana, kisha anawasomea hadithi yao. Kutokana na hapo akaanzisha TimeSlips, na nyumba za wazee nyingi kule zinafanya hivo mpaka leo. Wewe hapo Pemba picha hukosi. Chukua ya mchezo wa ng'ombe, au ya jahazi limetweka tanga, keti na wazee watatu wanne, useme "Paukwa!" na uone nani atakaejibu "Pakawa!" bila hata kufikiri, kisha uulize, huyu nahodha anakwenda wapi? Kapakia nini? Akisema kapakia mbuzi wenye miwani, andika mbuzi wenye miwani. Hakuna jawabu la makosa, na mtu asieweza kukosea anathubutu kusema.

Na kibati msikisahau, kule kwenu bado wapo wanaokiweza. Kile ni kurushiana maneno kwa haraka juu ya ngoma, na mzee mwenye ulimi mkali hata awe kasahau mengi akichokozwa kwa shairi atakurudishia.

Mie mkaazi wa Michenzani. Nasema wazi sijapenda hiyo picha yenu. Wazee hawa wako mlangoni mwa kaburi, leo mnawapelekea ngoma na taarabu? Si bora wakasomewe Kuruani?

Sikukasirikii, na najua wengi wanafikiri hivo wasiseme. Hukumu ya muziki sitoitoa mie, masheikh wapo, na mzee mwenyewe ana dini yake na akili yake ya kuamua. Ninachosema ni kwamba aulizwe yeye. Yupo atakaekwambia sitaki ngoma, nisomeeni Yasin, basi asomewe, tena kwa sauti nzuri na bila haraka. Yupo atakaependa maulidi. Na wewe umewahi kuyaona Maulidi ya Homu yakisomwa na watu wanaoyajua? Wanaume wamepiga magoti safu moja, matari yanalia, na miili inakwenda pamoja, inainama, inainuka, mpaka huoni tena mtu mmoja mmoja. Wapelekeeni wazee hilo. Kasida, tenzi, zafa, hadithi za mitume zikisimuliwa na mtu mwenye kipaji, vyote hivo ni sanaa ya kusimama mbele ya watu, na Unguja na Pemba tunavyo kwa wingi.

Ninachokubaliana na wewe kabisa ni kwamba mtu asilazimishwe kusikiliza. Na hapa wenye vikundi wasikie, mzee anaelala kitandani hawezi kuinuka akatoka, ngoma ikipigwa chumbani mwake kaipata atake asitake. Kwa hivo pigeni ukumbini au chini ya mti na anaetaka apelekwe. Ukitaka kuingia chumbani, piga hodi, uliza, na "sitaki" iwe ni sitaki.

Ila hilo la mlangoni mwa kaburi silikubali. Mtu wa miaka 75 anaweza kuwa na miaka 10 mbele yake au zaidi, tumuweke anangojea tu? Bi Kidude, muimbaji wetu, alipewa tunzo ya WOMEX, yale maonesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 akiwa ajuza tayari, na aliendelea kupanda majukwaani hadi karibu na kufariki kwake Aprili 2013. Hakuna aliemwambia umefika mlangoni kaa.

Umenikumbusha jambo jengine pia. Ramadhani vikundi vyote vinafunga vyombo, na ni sawa, lakini wazee nao wanafungiwa pamoja na vyombo. Mwezi ule nendeni na hadithi, na kasida, na vitendawili baada ya alasiri.

Dada, mie ni mhudumu katika nyumba ya wazee, naomba usitaje wapi. Wageni wanakuja, wanawavalisha wazee fulana za kampuni, wanawasimamisha wacheze, wanapiga picha mpaka za waliolala, wanaondoka. Mwaka jana walipiga wimbo mmoja wa zamani, mzee wetu mmoja akalia na alilia hadi usiku, na wao washaondoka, tumebaki nae sie. Waambie watu.

Nawaambia. Someni tena hiyo barua nyote mnaojipanga kwenda.

Picha: hakuna picha ya mtu ambae hajakubali, na mtu asieelewa anaulizwa nini hawezi kukubali, basi huyo hapigwi. Aliekuwa kitandani hapigwi kabisa. Mzee wa Kizanzibari aliejisitiri maisha yake yote, leo kanga imemteleza na picha yake iko kwenye simu za watu, hiyo ni dhulma. Kama mfadhili wenu hatoi kitu bila picha, pigeni picha ya ngoma.

Kuhusu kulia. Kulia peke yake si vibaya, wimbo unaweza kumtoa mtu machozi na akawa anakuomba umpigie tena. Lakini visiwa hivi vina historia yake, mtu wa umri huo kaishi siasa za kabla ya Mapinduzi ya 1964 na yaliyokuja baada yake, kuna aliepoteza nyumba, kuna aliepoteza baba, na kuna ambae nyimbo hizo hizo ndo furaha ya ujana wake, na wote wawili wanaweza kuwa wamekaa viti vinavyofuatana. Nyimbo za siasa na za kusifu chama msizipige bila kuulizana na wahudumu kwanza. Na kikundi kisiondoke mara tu wimbo wa mwisho ukimalizika. Vyombo vikishafungwa kaeni, kunyweni chai nao, muone nani kabaki na kitu moyoni, mumwambie mhudumu kabla hamjapanda gari.

Na wewe mhudumu, nina neno kwako pia kwa sababu wewe ndo unaebaki. Wasanii wakija kaa nao, usitumie muda huo kufua tu, ingawa najua kazi ni nyingi. Andika: bibi fulani kaitikia wimbo gani, nani katikisa kichwa, nani kaziba masikio. Kisha utumie. Kule Sweden watafiti waliwafuatilia wahudumu wanaoimba wakati wa kuwaosha na kuwavisha wazee wenye dimensia asubuhi, na waliona wazee wale hukubali kwa wepesi, wanasaidia wenyewe kuingiza mkono kwenye nguo, hawapambani. Huhitaji sauti ya jukwaani. Ule wimbo alioitikia Jumanne mwimbie Jumatano wakati unamchana nywele.

Je ni halali kikundi kulipwa kwa kazi kama hii? Wenzangu wanasema kuchukua pesa kwa wazee ni aibu. Na wazee wenyewe wakitaka kututunza tukatae? (Msomaji, Kikwajuni)

Pesa za wazee msiwadai, hilo limeisha. Lakini msanii nae anapanda gari, ana watoto. Uingereza Yehudi Menuhin, yule mpiga fidla, alianzisha Live Music Now mwaka 1977 na kazi yake mpaka leo ni kuwalipa wanamuziki vijana wakapige kwenye nyumba za wazee, skuli na mahospitali, na wanafunzwa kwanza namna ya kukaa na watu hao. Sie hapa tuna vijana wanaosomea ala za kanuni, udi na fidla kwenye chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, tangu 2002. Mahoteli yanawaita. Hoteli hizo hizo, na wafanyabiashara wanaoleta mchele kila sikukuu, wakilipia nauli na posho ya wapigaji wawili kila wiki wamefanya jambo kubwa.

Kutunzwa ni kitu chengine kabisa, na hapo nasema pokeeni! Taarabuni mtu akiinuka na noti yake mkononi anakwenda kwa muimbaji pale pale kwenye mstari unaomgusa, anasema mbele ya watu wote kwamba maneno haya ni yangu mie. Mzee wa miaka 70 na kuendelea ana pensheni jamii yake tangu 2016, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ni pesa yake na haki yake kuifanyia anachotaka. Akitoa 500 kwenye ncha ya kanga alipoifunga, mwendee, maana yeye hawezi kuja, punguza sauti, subiri aifungue hiyo kanga hata kama wimbo umekwisha, rudia kiitikio mpaka amalize, kisha ipokee kwa mikono miwili. Ukimrudishia kwa kumuonea huruma umemtoa kwenye shughuli.

Mama yangu yuko nyumbani, Mkoani, hayuko nyumba ya wazee. Nae hana pa kwenda. Sanaa inamfikia vipi?

Wengi ni kama mama yako, wanaoishi kwenye nyumba za wazee ni wachache sana. Zungumza na sheha na wanawake wa jirani, bibi watano wakusanywe ukumbini kwa mtu mmoja kila Ijumaa jioni, mwenye tari aje nalo, watoto wakae chini wasikilize. Mama akiwa hatoki kabisa, wapigie simu wanawe mmoja mmoja, waliopo Unguja na waliopo Oman, wamwimbie. Redio pia usiidharau, lakini redio haimsubiri mtu akasema neno, kwa hivo izime baada ya wimbo mmoja uzungumze nae.

Mie mwenyewe ndo mzee, miaka 74, Makunduchi. Nimepiga fidla tangu kijana. Vikundi vya siku hizi haviniiti. Naweza kwenda kuwapigia wenzangu au mtasema nikapumzike?

Nenda baba, nenda hata wiki hii. Wewe nyimbo unazo zile zile wanazozitaka, huna haja ya kuzitafuta, na ukikosea mstari watakuelewa na ukipatia watakujua. Milan, Italia, kuna nyumba ambayo mtunzi Verdi aliijenga kwa pesa yake ili wanamuziki waliozeeka wasio na uwezo wapate pa kuishi, ilifunguliwa 1902, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki, na siku hizi wanaishi humo na wanafunzi wa muziki, wazee wanawasikiliza vijana na kuwakosoa. Mimi natamani Unguja tuwe na kitu cha namna hiyo, hata chumba kimoja tu chenye kanuni na viti.

Kwa sasa, piga simu ofisini kwetu, tutakuunganisha na vijana wa kidumbak wanaotaka kuanza. Waambie mapema kwamba mazoezi yafanyike mchana, sio usiku. Na mmoja wao akubebee fidla njia nzima, akae karibu yako wakati unapiga, atizame vidole.